Ukiamriwa Kuondoka Nchini: Kazi ya Mahakama ni Ipi?

Watu wa vijiji vya mipakani wanajua jambo hili vizuri. Mtu ana shamba upande huu na shangazi upande wa pili. Watoto wanaoana. Ng'ombe wanavuka kwenda mnadani. Mpaka uko, lakini ukoo ni mmoja.

Sasa tuseme siku moja ofisa wa uhamiaji anafika na kumwambia mtu, "Wewe si raia wa nchi hii. Utaondoka." Au anamwambia mgeni aliyeingia kwa kibali, "Kibali chako kimefutwa. Ondoka." Mtu huyo afanye nini?

Wengine hutoroka usiku. Wengine hugombana na ofisa, wakapata kesi ya pili juu ya ile ya kwanza. Wengine hukaa kimya wakasema, "Serikali ikishasema, imesema." Njia zote tatu ni mbaya. Iko njia ya nne, nayo ni ya sheria. Inaitwa mapitio ya mahakama. Leo tutaieleza hatua kwa hatua: ni nini, inafanya nini, na haifanyi nini. Yafaa kuijua hata kama wewe mwenyewe huna wasiwasi wowote. Leo ni jirani, kesho huenda ni mkweo.

SERIKALI INA HAKI YAKE

Tuanze na upande wa serikali, maana haki ina pande mbili. Kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anakaa. Hapa Tanzania iko Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Sheria hiyo inawapa maofisa wa uhamiaji uwezo wa kukagua hati, kumhoji mtu, na kumzuia asiyekuwa na kibali. Waziri anayehusika anaweza kutoa amri ya kumfukuza mgeni nchini. Ofisa anayefanya kazi hiyo kwa kufuata sheria hafanyi ubaya.

Lakini sheria iliyompa ofisa uwezo ndiyo hiyo hiyo iliyomwekea mipaka. Na juu ya sheria zote iko Katiba. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema kuwa chombo chochote kinapoamua juu ya haki za mtu, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu. Ibara ya 17 inamlinda raia asifukuzwe katika Jamhuri ya Muungano.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili? Kwa sababu kazi ya kuondoa watu mara nyingi hufanywa kwa haraka. Wengi wetu tunakumbuka Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Shabaha yake ilikuwa wahamiaji wasio na vibali na majambazi. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliosema wamezaliwa hapa, wameoa hapa, na wamelima hapa miaka mingi. Maneno yao yalikuwa kweli au si kweli? Hilo hujulikana kwa kumsikiliza mtu na kuangalia karatasi zake. Halijulikani kwa kutazama sura yake au kusikiliza lafudhi yake.

MAPITIO NI NINI?

Chukua mfano wa kamati ya maji ya kijiji. Kamati ina uwezo wa kumtoza faini mtu anayeharibu bomba. Siku moja kamati inamtoza mzee mmoja faini. Haikumwita. Haikumwambia kosa lake. Tena faini yenyewe ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika sheria ndogo. Mzee anakwenda kwa wakubwa kulalamika.

Mkubwa anayemsikiliza anaweza kuuliza maswali ya aina mbili.

Aina ya kwanza: "Mzee, uliharibu bomba au hukuharibu?" Hapo anaichambua kesi yenyewe upya. Hiyo ni rufani.

Aina ya pili: "Enyi kamati, mlimwita mzee? Mlimweleza kosa? Faini hii mmeitoa katika sheria gani?" Hapo haulizi habari za bomba. Anauliza habari za kamati. Hayo ndiyo mapitio.

Basi katika mapitio ya amri ya kuondoka nchini, jaji hakai mahali pa ofisa wa uhamiaji. Haulizi, "Je, mtu huyu ni mwema? Je, ningependa akae?" Anauliza, "Je, ofisa aliyetoa amri hii alifuata sheria?" Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanakwenda mahakamani kueleza shida zao, watoto wao na mashamba yao, halafu wanashangaa jaji anauliza habari za barua, tarehe na sahihi.

MASWALI MATATU YA JAJI

Kwa ufupi, jaji huuliza maswali matatu makubwa.

Swali la kwanza: Aliyetoa amri alikuwa na uwezo huo?

Tutazame kisa cha Nigeria. Tarehe 24 Januari 1980 serikali ya nchi ile ilimkamata Shugaba Abdurrahman Darman na kumtupa upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya Chad. Mtu huyu hakuwa mdogo. Alikuwa kiongozi wa wabunge wa chama chenye wajumbe wengi katika bunge la jimbo la Borno. Chama chake hakikuwa kile cha serikali kuu. Serikali ilidai kuwa yeye si Mnigeria na kwamba ni hatari kwa usalama. Amri ilitiwa sahihi na waziri wa mambo ya ndani.

Shugaba hakukubali. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu mjini Maiduguri. Mahakama ikaona kuwa yeye ni raia wa Nigeria. Na kama ni raia, basi waziri hakuwa na uwezo wa kumfukuza, hata kidogo. Sheria ya uhamiaji ni ya wageni. Amri ikabatilishwa, na serikali ikaamriwa kumlipa fidia. Mahakama ya rufani baadaye ilipunguza fidia kutoka naira 350,000 hadi naira 50,000, lakini ushindi wake haikuuondoa. Fundisho ni hili: sahihi ya mkubwa haiwezi kutengeneza uwezo ambao sheria haikuutoa.

Swali la pili: Mtu alisikilizwa, tena akaambiwa sababu?

Kisa cha hapa karibu kinatufundisha. Tarehe 13 Aprili 2011 mwanasheria wa Kenya, Samuel Mohochi, aliteremka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Maofisa wakamzuia asiingie. Wakampa karatasi inayosema ni mhamiaji asiyeruhusiwa. Kwa kosa gani? Hakuambiwa. Siku ile ile akarudishwa Nairobi.

Alikwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha. Uganda ilisema kuwa sheria yake inairuhusu kumzuia mgeni. Hukumu ikatolewa tarehe 17 Mei 2013. Mahakama ilisema kuwa Mkataba wa Jumuiya unaifunga Uganda. Raia wa nchi ya Jumuiya hawezi kurudishwa hivi hivi, bila kuambiwa sababu na bila kufuata utaratibu wa haki. Serikali inaweza kumkataa mtu kwa ajili ya usalama, lakini iseme hivyo, na ifuate njia.

Swali la tatu: Uamuzi wenyewe una akili?

Ofisa anaweza kuwa na uwezo, anaweza hata kumwita mtu, na bado akaamua jambo lisiloingia akilini. Kwa mfano, anasema mtu hakuzaliwa nchini huku cheti cha kuzaliwa kiko mbele yake, naye hasemi kwa nini anakikataa. Au anaamua kwa chuki au kwa kutaka shamba la mtu. Hapo pia jaji anaweza kuingia. Lakini tuseme kweli, swali hili ni gumu kulishinda. Jaji haifuti amri kwa sababu tu yeye angeamua vingine. Lazima kosa liwe wazi.

UNAWEZA KUPATA NINI?

Jaji akiona sheria imevunjwa, anaweza kutoa amri za namna tatu. Anaweza kuufuta uamuzi. Anaweza kumkataza ofisa asifanye jambo alilokusudia kufanya. Au anaweza kumlazimisha ofisa afanye kazi aliyoikwepa, kwa mfano kujibu maombi aliyoyalalia mwaka mzima.

Sasa sikiliza vizuri. Mahakama katika mapitio haikupi uraia. Haikupi kibali cha kukaa. Ikiufuta uamuzi, jambo linarudi kwa ofisa, naye ataanza upya kwa kufuata sheria. Huenda akaamua vizuri, na huenda akafikia uamuzi ule ule, safari hii kwa njia iliyo sawa. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na haki yoyote ya kukaa asidanganywe kuwa mapitio ni dawa. Asije mtu akauza ng'ombe wake kwa kuahidiwa kuwa "jaji atakupa karatasi." Jaji hana karatasi hizo.

Lakini usidharau pia. Kuanza upya ni jambo kubwa. Mtu ambaye hakusikilizwa sasa atasikilizwa akiwa bado yuko nyumbani kwake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kujitetea ukiwa na mashahidi wako, na kujitetea ukiwa ng'ambo ya mpaka bila hata nauli.

MUDA NDIO ADUI

Hapa Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2014, mtu anayetaka mapitio lazima aombe ruhusa ya Mahakama Kuu katika muda wa miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Huko Uingereza ni haraka iwezekanavyo, na isizidi miezi 3. Anayekwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ana miezi 2 tu.

Miezi 6 inaonekana mingi. Msimu mzima wa mahindi! Lakini kumbuka: miezi 6 ni ya kwenda mahakamani, si ya gari la kukupeleka mpakani. Gari linaweza kuondoka usiku wa leo. Ndiyo maana mtu aliyepewa amri ya kuondoka huomba vitu viwili pamoja. Anaomba mapitio. Tena anaomba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha safari mpaka kesi isikilizwe.

Kisa cha kufundisha juu ya jambo hili kilitokea Uingereza. Mwalimu mmoja kutoka Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alifika huko mwaka 1990. Akaomba hifadhi. Alisema anaogopa kuteswa kwao. Akakataliwa. Mahakamani jina lake lilifichwa, akaitwa M tu.

Tarehe 1 Mei 1991 ndiyo ilikuwa siku ya kuondolewa. Jioni ile wanasheria wapya walikimbia kwa jaji na maombi mapya. Jaji akataka mtu huyo asiondolewe mpaka maombi yasikilizwe, na akaelewa kuwa wakili wa serikali ameahidi hivyo. Lakini habari hazikufika mahali pake kwa wakati. Ndege ikaruka. Ilipita Paris, kisha mtu akapelekwa Kinshasa.

Usiku ule ule jaji aliamuru mtu huyo arudishwe Uingereza. Maofisa wakaanza kupanga safari ya kumrudisha. Kesho yake waziri wa mambo ya ndani, Kenneth Baker, akaisimamisha safari hiyo. Alishauriwa kuwa jaji hana uwezo wa kumwamuru waziri wa serikali.

Kesi ikaendelea miaka miwili. Tarehe 27 Julai 1993, Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likatoa hukumu. Lilisema waziri anabanwa na amri ya mahakama kama mtu mwingine yeyote. Waziri wa mambo ya ndani, katika cheo chake, alikuwa ameidharau mahakama. Kama aliona amri ya jaji ina kosa, dawa ilikuwa kurudi kwa jaji kumwomba aifute. Haikuwa kazi yake kuipuuza.

Hukumu hiyo hutajwa katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, na yetu ni mojawapo. Lakini tuone pande zote mbili. Sheria ilishinda, ndiyo. Ndege nayo ilikuwa imekwisha ruka. Ushindi unaokuja baada ya mtu kuondoka humfaidi kidogo sana yule aliyeondoka.

MLANGO UKIFUNGWA

Itakuwaje kama sheria yenyewe inasema uamuzi wa waziri ni wa mwisho? Katika nchi nyingi zenye sheria za mtindo wetu, majaji wamesema neno "mwisho" huzuia rufani tu. Halimpi ofisa ruhusa ya kuvunja sheria. Hata hivyo ni afadhali sheria ionyeshe mlango waziwazi. Jambo hili lilijadiliwa juu ya nchi yetu wenyewe.

Mtu mmoja aliyekuwa akiishi kaskazini mwa Tanzania alisema amezaliwa hapa. Alikuwa na pasipoti ya Tanzania. Maofisa wakaitilia shaka, wakaichukua. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikasema, "Huyu si wetu," ikamrudisha. Akabaki katikati, katika kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya mpaka. Si huku, si huko. Hebu fikiri: mtu mzima, hana nchi ya kulala.

Alipeleka shauri lake katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Hukumu ilitolewa tarehe 22 Machi 2018. Mahakama ilisema mambo matatu makubwa. Kwanza, serikali iliyompa mtu hati za uraia, kisha ikamkana, ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kuwa yeye si raia. Pili, alinyang'anywa uraia na kufukuzwa bila kufuata haki, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Tatu, sheria zetu hazikuwa na njia iliyo wazi kwa mtu anayebishiwa uraia wa kuzaliwa kwenda mahakamani. Mahakama ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria, na ichukue hatua ili mtu huyo arudi.

Yatubidi tuongeze jambo moja ili mtu asifunge safari ya bure. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kupeleka kesi yake moja kwa moja katika mahakama hiyo. Tangu Novemba 2020 njia hiyo imefungwa kwa kesi mpya. Mlango uliobaki karibu nasi ni Mahakama Kuu ya Tanzania.

UFANYE NINI UKIPEWA AMRI?

Sasa tuje kwenye matendo. Hatua hizi zinamfaa raia anayebishiwa uraia wake, na zinamfaa mgeni pia.

1. Tulia. Usitoroke, usitukane, usitoe chochote chini ya meza. Kutoroka kutafanya uonekane una hatia.

2. Soma kabla ya kutia sahihi. Ukipewa karatasi, isome yote. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Karatasi inayosema "Nakubali kuondoka kwa hiari yangu" si sawa na karatasi inayosema "Nimepokea barua hii." Ndiyo maana tulihangaika darasani na a, e, i, o, u. Kisomo ni ngao.

3. Omba uamuzi kwa maandishi. Uwe na tarehe, jina na cheo cha aliyeutoa, sheria aliyoitumia, na sababu. Wakikataa kukupa, andika mwenyewe kwenye daftari: siku, saa, mahali, na yaliyosemwa. Mtu aliyeshuhudia aandike jina lake pia.

4. Kusanya karatasi zako: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha shule au cha kisomo, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa, barua ya ofisa mtendaji wa kijiji. Tafuta na za wazazi wako. Karatasi moja peke yake huenda isitoshe, lakini nyingi kwa pamoja hueleza maisha ya mtu. Toa nakala. Ofisa akichukua hati yenyewe, omba akuandikie kuwa ameichukua.

5. Waambie watu wa nyumbani. Wajue umepelekwa kituo gani, na karatasi ziko wapi. Ukiwekwa ndani muda mrefu bila kufikishwa popote, ndugu zako wanaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru uletwe mbele yake na waliokuzuia waeleze kwa nini.

6. Tafuta msaada wa sheria upesi. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Wako wasaidizi wa kisheria katika wilaya. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani badala yako, lakini watakuelekeza na kukuonyesha mashirika yenye mawakili. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii.

7. Nenda Mahakama Kuu. Mahakama ya mwanzo haina uwezo wa kufanya mapitio haya. Kwanza unaomba ruhusa, ukileta maelezo na hati ya kiapo inayosimulia yaliyotokea. Hapo hapo omba zuio la muda. Jaji akikupa ruhusa, ndipo unaleta maombi yenyewe kwa muda mfupi, na upande wa serikali unajibu. Usiogope lugha. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

8. Ukipata zuio, lifikishe. Omba nakala zenye mhuri. Moja ipelekwe ofisi ya uhamiaji, nyingine kituo cha polisi ulikozuiliwa, nyingine ibaki nyumbani. Kumbuka kisa cha M. Kilichomponza ni kwamba habari za jaji hazikuiwahi ndege.

Na wewe ambaye bado hujapata tatizo lolote, fanya jambo moja mwezi huu. Kama watoto wako hawana vyeti vya kuzaliwa, anza kuvitafuta. Cheti kilichotafutwa wakati wa amani hakimtii mtu shaka. Kinachotafutwa baada ya ofisa kubisha hodi huulizwa maswali mengi.

MAANA YA MANENO

Amri ya kuondoka nchini: agizo la serikali kwamba mtu atoke katika nchi.
Fidia: malipo kwa mtu aliyedhulumiwa.
Hati ya kiapo: maelezo yaliyoandikwa na mtu akiapa kuwa ni kweli.
Mapitio ya mahakama: kazi ya jaji ya kuchunguza kama ofisa alifuata sheria alipoamua.
Rufani: kuomba mahakama ya juu iangalie upya uamuzi wenyewe.
Zuio la muda: amri ya kusimamisha jambo mpaka kesi isikilizwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya rufani na mapitio? Toeni mfano kutoka kijijini kwenu.
2. Kwa nini haikutosha waziri wa Nigeria kutia sahihi amri ya kumfukuza Shugaba?
3. Mtu ana miezi 6 ya kwenda mahakamani. Kwa nini basi tunasema aende upesi?
4. Jirani yenu ameambiwa si raia. Andikeni pamoja barua fupi ya kuomba apewe sababu kwa maandishi.
5. Katika kikundi chenu, ni watu wangapi wana vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao wote? Wasio navyo waanzie wapi?